Adabu Yako Wameiita Kukiri

Baba,

Nimefukuzwa chuo. Wewe nataka nikwambie polepole, kwa sababu Mama nilimwambia vibaya, akiwa ndiyo kwanza ametoka Gatumba na beseni la nyanya kichwani. Alikaa chini nalo hivyo hivyo.

Hatuko tena Jabe. Tulipokwisha kukuzika tulihamia Gasenyi, na cherehani yako iko karibu na mlango, Mama anaanikia nguo juu yake. Ningependa kukuletea habari nzuri. Sina.

Wanasema niliibia kwenye mtihani. Unamkumbuka Clovis, yule niliyekuwa nasoma naye kibarazani kwako huku wewe ukishona pindo za suruali za watu. Jibu langu na lake yalikuwa na kosa moja, neno kwa neno. Ni kweli, Baba. Kosa hilo lilikuwa ubaoni kwa profesa mwenyewe. Sote tuliliandika, sote tukalikariri. Hilo ndilo nililotaka kuwaeleza.

Waliniita asubuhi bila kuniambia ni kwa nini. Nikaingia kwenye chumba cha baraza la nidhamu, watu wazima wamejipanga upande mmoja wa meza, na yule profesa aliyenishtaki amekaa katikati yao, naye ni mwamuzi. Kesi ya panya, hakimu paka. Nikafanya ulivyonifundisha. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Mumbabarire, bakubwa."

Mnisamehe, wakubwa. Wewe unajua kwetu neno hilo ni hodi tu. Ulikuwa ukisema, "Mutoto, mbele ya bakubwa anza na kuomba radhi, maneno ingine itakuja nyuma." Siku ile ulipokwenda kwa shefu wa mtaa kulalamikia mfereji uliotujazia maji ndani, ulianza kwa kuomba msamaha, kana kwamba mvua ile uliinyesha wewe. Tulikucheka wiki nzima. Lakini shefu alikusikiliza.

Mimi hawakunisikiliza. Mwenyekiti alimgeukia karani, akamwambia kwa Kifaransa kwamba nimekiri. Ni Warundi wale, Baba. Wote wamelelewa na neno hilo, na sidhani kama kuna hata mmoja aliyefika pale asubuhi ile bila kumwambia mtu neno hilo hilo njiani. Nikafungua mdomo niendelee, nikaambiwa baraza limeshaelewa.

Clovis aliingia baada yangu. Yeye aliuliza tu, "Mi nashitakiwa nini?" Wakamwita jeuri, kisha wakamwachia, kwa sababu mwizi alikuwa ameshapatikana.

Nimekukasirikia, nisikufiche. Kuna siku nilifika mpaka kwenye geti la makaburi nikageuza. Ungenifundisha ujeuri kidogo tu, leo ningekuwa darasani. Halafu nakumbuka ulivyokuwa unavua kofia hata ukipokea simu, hasira inaniishia, nabaki nalia tu kama mjinga. Hata kulia kwenyewe nimechoka.

Sasa wanasema naweza kurudi mwaka ujao, nikisimama mbele yao kesho na kusema kwa mdomo wangu kwamba niliiba majibu. Nikikataa, basi tena. Mama anasema, "Sema tu ndiyo, mutoto yangu. Mudomo haiumi." Inauma, Baba. Sijui nitarudi vipi kukaa kwenye madawati yale, watu wote wakijua mimi ni mwizi, na aliyesema hivyo ni mimi. Lakini naona Mama anavyoishika shingo jioni akitua beseni, na sina kazi nyingine ninayoijua isipokuwa huu ualimu nilioanza kuusomea. Nitasema.

Nakuahidi kitu kimoja. Nikifika kuwa mwalimu, mwanafunzi akiletwa kwangu ameinamisha kichwa, anaomba radhi, sitamwambia nimeelewa. Nitamwambia anashtakiwa nini, nitamvutia kiti, nitanyamaza mpaka amalize.

Nakuaga, Baba. Kesho ukisikia sauti yangu inasema nilifanya, ni mimi kweli. Ila huko uliko usiniombee msamaha. Sikufanya.