Mzimu wa Studio ni Mimi

Ghorofani, juu ya duka la viatu,
9 Agosti 1962

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado kinakusumbua asubuhi? Sisi huku ni wazima, ila mimi kichwa kimevimba kwa majivuno, na utanisamehe ukishasikia sababu.

Unajua kazi yangu ya kushona nguo za waigizaji. Safari hii tulitengeneza filamu ya kutisha kuhusu watu wanaotengeneza filamu: mzimu wa mwigizaji aliyekufa unawamaliza mmoja mmoja. Mwongozaji wetu, tunayemwita Bwana Kata, hakuwa na fedha za kujenga mandhari yoyote ya filamu, basi tukapiga picha studioni humo humo. Hata cherehani yangu imo.

Siku ya mwisho, mwigizaji wa mzimu aligombana na Bwana Kata, akatupa barakoa, akaenda zake. Mkanda uliobaki ulitosha tukio moja tu, bila kurudia. Bwana Kata akaketi sakafuni, hoi.

"Gauni la mzimu linanienea," nikasema. "Nipeni na barakoa."

"Mama, utaweza kweli?" akauliza Bwana Kata.

"Miaka kumi na minane naangalia wanavyokosea. Washa taa."

Maneno tu hayo, Dada. Nikavaa gauni na barakoa. Nikajibanza nyuma ya nguo zilizotundikwa. Joto la taa likayeyusha gundi, shavu la barakoa likaanza kuning'inia. Nikajikaza, nikatoka polepole, nikapiga ukelele uliotoka sijui wapi. Mwigizaji aliyepaswa kujifanya anakimbia alikimbia kweli, mpaka barabarani! Mpiga picha hakuacha. Bwana Kata mwenyewe alisahau kusema "Kata!"

Jumamosi alasiri filamu ikaonyeshwa, ukumbi umejaa pomoni. Shavu lilipodondoka, polisi mzima, na sare zake, alipanda juu ya kiti. Taa zilipowashwa, shemeji yako, ambaye miaka yote huwaambia majirani kwamba nashona mapazia, akasimama akapaza sauti:

"Jamani, yule mzimu ni mke wangu!"

Watu wakasimama wote, makofi hayakwisha. Nililia mpaka wanja ukanichuruzika.

Leo wamepaka jina langu kwenye bango la mlangoni mwa ukumbi, kwa herufi nyekundu. Nimeshapita pale mara sita, na sina hata shida ya kwenda upande ule.

Nisalimie shemeji, mama mkwe wako, na yule mtundu wenu Kibogoyo. Mungu akupe pumzi tele na usingizi mtamu.

Mdogo wako akupendaye mno,
Mshonaji