Jimbo la Baba Neema halipo tena

Overport, Ijumaa, Mei 2010

Eti jimbo haliko tena. Mume wangu alinipigia simu saluni kutoka Uingereza: "Mama Neema, uchaguzi huu wamelikata vipande viwili, wakayapa majimbo jirani. Mbunge wetu naye amestaafu."

Mbunge huyo ndiye aliyekuwa anafuatilia viza yangu ya kumfuata mume wangu huko. Nikauliza dosie yangu, yaani faili la viza, iko na nani. Badala ya kujibu, akanisimulia jimbo lilivyoanza enzi za migodi ya makaa, na jinsi wazee wa pale wanavyolililia. Historia yote hiyo ya nini?

Mimi sikulia. Nilimaliza kumsuka mteja.

Kanisa lilishaniombea safari, hata keki tulikula. Jumapili nitarudi pale nimevaa kitenge walichonishonea cha kuniaga. Nguo zingine zote niligawa.