Mrudishieni Mama Mvi Zake

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka, ewe mchoraji wa mabango ya vinyozi na maduka ya dawa, ukiwa bado na rangi ya bluu chini ya kucha. Tulitaka kukuandikia kwa utulivu. Tumeshindwa, maana tuna hasira.

Hukuweza kupita duka lenye herufi iliyopinda bila kuomba ngazi. Uliinyoosha bure, ukaenda zako. Brashi uliifutia kwenye mguu wa kulia wa suruali, hata ile ya kutokea.

Lakini kazi yako hasa ilikuwa moja, ile picha ya Mama sebuleni. Ulimchora alipofariki, akiwa na miaka ishirini na tisa. Kila mwaka, siku ile ile aliyofariki, uliishusha ukamwongezea umri: unywele mmoja mweupe, mkunjo mdogo pembeni mwa mdomo, mwishowe miwani. Tulipokuuliza, ulicheka. "Mimi nizeeke, yeye abaki msichana? Watu watasema nimeoa mjukuu." Mkazeeka pamoja hivyo kwa miaka ishirini na sita.

Ulipofariki akaja bwana wa jumba la sanaa, yule yule aliyewahi kusema wewe ni fundi wa kupaka rangi tu. Safari hii ulikuwa msanii mkubwa. Kumbe ulichopungukiwa ni kufa. Aliomba picha ya Mama kwa maonyesho, akasema wataifuta vumbi kwanza. Tulikubali, na kwa hilo tunakuomba radhi.

Siku ya ufunguzi tulimkuta Mama ana miaka ishirini na tisa. Miwani hakuna, mvi hakuna. Bwana yule alitueleza kwa majivuno kwamba fundi wao amekwangua rangi za juu zilizoharibu kazi, na kwamba sasa picha inaonyesha mapenzi. Mapenzi! Miaka yenu yote ya mapenzi imeishia kwenye kitambaa cha kufutia, naye anatabasamu. Shangazi alimkabili mbele ya wageni.

"Mrudishie wifi yangu miwani yake."

Tuliibeba picha siku hiyo hiyo. Tangu hapo tunamrudishia miaka yake, kila mtu na anachokumbuka. Kaka anaujua mkunjo wa mdomo, Shangazi anahesabu mvi, mjukuu wako anashikilia kwamba miwani ilikaa upande kidogo. Tumebishana sana, na mikono yetu si kama yako, ungeona ungecheka. Leo tumefika mwaka huu, ambao wewe hukuuchora. Tumemtia uchovu kidogo chini ya macho, kwa kuwa amefiwa na mume.

Unakumbukwa na dada yako, wanao wawili, mjukuu wako, na mjane wako aliye ukutani. Hatutakusahau, Baba, wala hatutakubali mkeo abaki msichana.