Jua Lililoingia Chumbani Kiwalani

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba mwanangu. Huku tu wazima; babu yako goti linamsumbua, lakini msikitini haachi kwenda.

Umeniuliza kama wewe na mumeo mfunge sola huko Dodoma, maadamu serikali imesema itachangia gharama. Mie nitakusimulia yetu tu.

Miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia, tulikuwa hapa hapa Kiwalani, na umeme ulikuwa haujafika mtaani. Serikali ilipoondoa ushuru wa vifaa vya sola, babu yako alinunua paneli moja na betri yake, na asubuhi moja akaifunga paneli juu ya bati. Majirani walicheka. Hata mie sikuamini.

Jioni ile ile uchungu wa shangazi yako Rehema ukanishika. Mkunga wetu, Bi Mwanaidi, aliingia na kibatari mkononi, kama alivyozoea. Babu yako akabonyeza swichi, chumba kizima kikawa cheupe. Bi Mwanaidi akakiweka kibatari chini, akaona kitovu kimemzonga mtoto shingoni, akakiondoa upesi kwa mikono yote miwili. Rehema akalia.

Baadaye Bi Mwanaidi aliitazama ile taa kwa muda mrefu.

"Hili ni jua la leo?" akauliza.

"La leo," babu yako akamjibu kutoka mlangoni. "Hilo hilo lililotuchoma mchana."

Bi Mwanaidi akainama, akakizima kibatari chake.

Mwanangu, huo msaada mkiupata, fungeni. Na jioni ya kwanza, mkishawasha taa, kaeni kimya kidogo muitazame.

Ni mie bibi yako, ninayekuombea kila siku.