Vikwembe vya Ile Siku

Mama yangu uliyelala kaburini Mboko,

Naogopa. Ningeanza kwa salamu, lakini unanijua, nikiogopa siwezi kuzungusha maneno. Barabara ya Uvira inaleta watu wanaokimbia vita kila asubuhi, godoro kichwani, mbuzi kwa kamba, na hapa Baraka kila mtu anamuuliza mwenzake kama na sisi tutaondoka. Hakuna anayejua. Nyumbani kwangu amefika wifi yangu na watoto wake watano. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kupona kwenyewe bado sijakuona. Mshahara wa mume wangu, yule mwalimu uliyempenda kwa sababu ya adabu yake, haujafika. Mawese ninayouza sokoni yanatupatia unga wa muhogo wa siku hiyo tu.

Kwa hiyo nimefungua sanduku la vikwembe, vitenge vyangu visivyovaliwa.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi sokoni na pesa ya ndagala, wale dagaa wako wa ziwani? Kabla hujaingia uani ulikuwa umeshaigawa. Pindo la nguo uliyovaa lilikuwa na mafundo matatu: la chakula, la shule, na la tatu, dogo kuliko yote, uliloliita la ile siku. Niliwahi kulia nikitaka ulifungue hilo uninunulie maandazi.

"Hii fundo haiko ya njaa ya leo," ulisema, ukanipa muhogo wa jana.

Pesa yake ilipotimia ulinunua kikwembe, ukakikunja bila kukivaa, ukakitia sandukuni. Baba alikutania mbele ya wageni: "Siku moja huyu mama atatupikia bikwembe na majani ya sombe!" Nawe ulicheka kuliko wote. Mimi nilidhani unapenda tu kupendeza.

Kisha ile siku ikafika. Risasi zilisikika upande wa milimani, na wewe, badala ya kukimbia, ulisimama chumbani unavaa. Kikwembe juu ya kikwembe, mpaka ukanenepa mbele ya macho yangu. Ukanifunga na mimi viwili. Nilikuwa mtoto; nguo mpya kwangu ilikuwa Noeli, ilikuwa sherehe.

"Mama, tunaenda ku fete?"

"Ndiyo, tunaenda ku fete. Tembeya."

Ulijibu bila kunitazama, ukanivuta mkono hadi kwenye mtumbwi.

Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, tulivila kweli. Ulivua kimoja, tukapata unga. Ulivua kingine, Baba akapata dawa ya malaria. Ulikonda tena, nguo kwa nguo, na Baba hakukutania tena kamwe.

Tangu niolewe nimefunga mafundo matatu kama wewe, hata miezi ambayo la tatu lilikuwa na noti moja iliyochakaa. Lakini kuna jambo hukunifundisha, Mama. Njaa ya leo na ile siku zikibisha hodi pamoja, nifungue lipi? Nikiuza vikwembe sasa, tukikimbia tutakula nini? Nisipouza, watoto wote hawa watalala na chai isiyo na sukari. Jana nilibeba viwili sokoni. Mama anayeuza nguo hakuvikunjua hata kuviangalia.

"Bamama bote beko naleta bikwembe," aliniambia. "Nani iko na feza ya kuvaa bipya?"

Alinipa nusu ya bei niliyonunulia. Nikapokea, nikanunua unga na ndagala kidogo, nikarudi nikihisi nimeuza nauli yetu ya mtumbwi. Watoto walikula wakaimba. Mimi tonge langu niliwagawia.

Vilivyobaki siviuzi. Nimeamua hivyo leo asubuhi, na uamuzi wenyewe unanitisha. Tutakula mara moja, jioni. Wifi yangu ameanza kulima shamba la watu kwa kibarua, na mume wangu anafundisha watoto wa jirani kwa malipo ya makala, mkaa wa kupikia. Kama nimekosea, watakaolipa ni watoto, si mimi.

Baada ya kuamua nilifunga mlango nijaribu kama naweza kuvivaa vyote na bado nimbebe mwanangu mdogo mgongoni. Nilikuwa nafunga cha nne, jasho likinitoka, mlango ukasukumwa. Alikuwa mjukuu wako, yule mwenye jina lako. Aliniona, akapiga makofi.

"Mama, tunaenda ku fete?"

Niligeukia ukutani upesi.

"Ndiyo," nikamwambia. "Tunaenda ku fete."

Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba mama yangu hakuogopa kitu. Sasa najua kwa nini siku ile hukunitazama.

Kaburi lako sitalipalilia mwaka huu, barabara haipitiki kwa anayeelekea huko. Nisamehe, na ulale kwa ajili yetu sote, maana sisi hatulali.

Ni mimi, binti yako.