Gulio la Manamba

Jumapili, 1 Septemba 1974
Nimesaga ugoro tangu alfajiri, magadi yameniwasha macho. Saa mbili nipo barabarani. Gulio limefurika. Wamakonde na makopa yao ya muhogo mkavu, Wanyamwezi na asali, mama wa Kiha anakaanga mihogo, muuza kafa ulaya, zile nguo za mitumba, anapiga kelele kama kameza redio. Kimamba nzima inakuja kwetu manamba wa mkonge, hata wenyeji wanaotuita wakuja. Wakiwa na njaa hawatuiti hivyo.

Mzee Kihwele, msuka vikapu, kakaa kushoto kwangu kama miaka yote. Yeye Mhehe, mimi Mngoni, watani. Kachota ugoro wangu bila kuuliza, kapiga chafya, kasema Wangoni hata tumbaku yao ya wizi. Nami nimemchukulia kikapu kimoja. Hakuna kukasirika, ndiyo haki ya watani. Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Jumanne, 3 Septemba
Bwana katibu wa chama kaja kambini na baiskeli, kasoma barua. Gulio mwisho tarehe nane. Kuanzia tarehe kumi na tano ni marufuku kupanga kitu barabarani. Bidhaa zote ziende duka la kijiji. Asiye na kipande cha kazi ahamie kijiji cha ujamaa au arudi kwao.

Sina kipande. Mwenye kipande alikuwa marehemu mume wangu. Songea niliondoka msichana. Nirudi kwa nani? Gulio ndilo linanilisha. Gulio ndilo kwetu.

Siondoki.

Alhamisi, 5 Septemba
Tumekwenda ofisini kwa katibu wanawake sita. Shikamoo zetu zimeitikiwa, maneno yetu hayakusikilizwa. Eti sisi walanguzi. Kijiko cha ugoro ni ulanguzi! Nyimbo za ujamaa nimeziimba kwenye kisomo cha watu wazima mpaka sauti ikakauka. Mmakonde, Muha na Mngoni wanakula sinia moja pale barabarani. Hilo si ujamaa?

Kaniuliza kwetu wapi. Nami nikamuuliza kwao. Iringa. Mhehe! Nikamwambia kumbe mtani, ndiyo maana kichwa kigumu hivyo. Hakucheka. Kasema ofisini hakuna utani.

Jumapili, 8 Septemba
Gulio la mwisho, eti. Watu kuliko sikukuu. Mgambo wawili wamezunguka wakitukazia macho, kisha mmoja kanunua mihogo. Nimeuza kwa hasira, napima ugoro kama napiga mtu.

Mzee Kihwele kakohoa siku nzima. Hajanitukana hata mara moja. Nimeogopa.

Jumamosi, 14 Septemba
Mzee Kihwele amefariki asubuhi. Kifua. Alikula vumbi la mkonge mashineni miaka mingi kabla hajaanza vikapu.

Huku hana mke wala mtoto. Wahehe wa kambini wamemfuata katibu, maana ndiye Mhehe mwenye cheo. Kakubali kusimama kama ndugu wa marehemu. Maziko kesho. Njia ya makaburini inapita pale pale gulioni.

Watani tunajua kazi yetu. Mtani halii msibani. Anachekesha, anazuia jeneza, anadai mpaka wafiwa watoe kitu cha kumridhisha. Nimepita laini zote za nyumba za kambi. Nimewaambia wenzangu waje kuzika, na waje na mizigo yao.

Jumapili, 15 Septemba
Nimevaa koti la Mzee Kihwele. Nimetembea mbele ya jeneza kwa mwendo wake, mguu mmoja naburuta, nakohoa, nawatukana Wangoni. Watu wanalia na kucheka kwa pamoja.

Tulipofika gulioni nikalala katikati ya barabara. Wangoni wenzangu wakalala pembeni yangu. Wabebaji wakashusha jeneza, ndiyo desturi. Huku na huku magunia yakatandikwa. Makopa, asali, kafa ulaya. Mama wa Kiha akawasha jiko. Mgambo wakamtazama katibu.

Katibu akatoa shilingi mfukoni. Nikazitupa. Akaongeza. Nikatupa tena. Jua linapanda, maiti inasubiri.

"Unataka nini, mama?"

"Sitaki hela, mtani. Nataka barabara hii, kila Jumapili. Bila hivyo ndugu yako hazikwi."

Akaanza habari za barua ya wilayani. Mzee mmoja wa Kihehe akamwambia maneno machache kwa kilugha chao, katibu akaacha habari za barua. Angeweza kuamuru mgambo watuburute. Lakini Mhehe gani atamburuta mtani mbele ya maiti? Angewaambia nini kwao? Wazee wote wakamtazama yeye, si mimi. Jasho likamtoka.

"Chukueni," akasema. "Wangoni wezi wakubwa nyie!"

Gulio zima likapiga vigelegele. Nikainuka, nikajikung'uta vumbi, tukaenda kumzika.

Jumatano, 18 Septemba
Tangazo la kufunga gulio limebanduliwa ukutani mwa ofisi. Nimepishana na katibu relini, kaniita mwizi, nimemwita mla mbwa, kama tunavyowatania Wahehe. Mgambo aliyekuwa naye kashangaa.

Wilayani wanaweza kuleta barua nyingine. Wailete. Nitalala tena barabarani, na safari hii sitangoja msiba.

Jumapili, 22 Septemba
Gulio limejaa. Upepo kidogo, vumbi si haba.

Mama wa Kibena kaja na nyanya. Kaniamkia, kauliza kama pale kushoto pana mwenyewe. Nimesema hapana, kaa.

Alipokaa tu, nikajifunika kanga usoni nikalia mbele ya wateja. Nililia kwa sauti. Mama wa Kibena kavuta kibao changu cha ugoro upande wake, kawapimia watu mpaka nilipomaliza.