Mkate Uliodondokea Makaani

Mwanangu,

Nimebisha mlangoni kwako hukufungua, basi nakuandikia. Nakwenda Mambrui kwa wifi yako Sahla, nitarudi alasiri. Samaki nimeshakaanga, nimemfunika kwa kawa. Paka asimfikie.

~~Jiko usiliguse mpaka nirudi.~~

Jiko lina moto, ongeza makaa kidogo tu. Nimesaga mchele mwengine na tui, sukari, iliki na hamira, umo kwenye bakuli la buluu. Ukiumuka, mimina tena.

Asubuhi sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningecheka, na wewe machozi yalikuwa yanakulenga. Mkate wa kumimina hufudikizwa, kichwa chini, na sufuria yake juu ya makaa ili uso ushike rangi, lakini kwanza chomeka kijiti, kitoke kikavu. Hilo sikukwambia. Uliniona juzi nikifudikiza, nawe ukafudikiza, mkate ungali uji. Kwenu Nyeri hampindui mkate juu ya moto, ungejuaje?

Kile kipande kilichodondokea makaani nimekikwangua majivu nikakila na chai. Kitamu. Mumeo Amjad alitaka kuonja, nikamnyima.

Sasa, Sahla na shangazi zake wananingoja na mkate, na mimi naenda mikono mitupu. Nitawaambia nimeuangusha mimi, mkono uliniteleza. Watanicheka mpaka nione haya kuaga.

Jumamosi watakuja hapa. Wakilizungumza, cheka nao, usije ukaniumbua.

~~Mamake Amjad~~
Mama